Kuyper, Colijn au Drees: umchukue nani ukiandika juu ya ukoloni wa Waholanzi?

Ukipewa kazi ya kueleza jinsi mkuu wa serikali alivyoiunda sera ya Uholanzi katika makoloni yake, ugumu wa kwanza ni kumpata mtu. Viongozi wengi wa serikali mjini The Hague hawakujishughulisha na Indonesia wala Suriname zaidi ya kupitisha bajeti. Majina matatu ndiyo yanayorudi kila mara: Abraham Kuyper (1901–1905), Hendrikus Colijn (1925–1926, kisha 1933–1939) na Willem Drees (1948–1958). Kila mmoja anajibu swali lake. Ukimshika asiye wako, utajaza kurasa kwa habari za mtu ambaye hakuwamo katika uamuzi unaoueleza.

Kabla ya kuwapima, tuweke sawa habari ya cheo. Mpaka 1945 Uholanzi haikuwa na waziri mkuu kwa jina hilo rasmi. Aliyeongoza serikali aliitwa mwenyekiti wa baraza la mawaziri, naye hakuwa bosi wa mawaziri wenzake. Makoloni yalikuwa na waziri wake. Chini ya waziri huyo alikuwapo gavana mkuu, aliyeishi Buitenzorg, mji unaoitwa Bogor leo, akiwa na jeshi, polisi na magereza mkononi. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mmoja wa hawa watatu ni hili: nguvu ya kuyagusa makoloni aliipata wapi? Kuyper aliipata kwenye chama na kalamu. Colijn aliichukua wizara yenyewe. Drees alikuwa na cheo kikubwa kuliko wenzake, lakini alikipata wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Kuyper

Alikuwa mchungaji, mhariri wa gazeti la De Standaard, mwanzilishi wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam (1880) na wa chama cha Anti-Revolutionaire Partij (1879). Katika ilani ya chama, zaidi ya miaka 20 kabla hajaongoza serikali, alikwisha kuandika kwamba Uholanzi iache kuifanya Java, kisiwa kikuu cha Indonesia, shamba la kuvuna, iwe mlezi mwenye wajibu kwa waliokabidhiwa kwake. Alikuwa akijibu jambo zito. Tangu 1830 wakulima wa Java walilazimishwa kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya serikali, na faida ilikwenda kulipa madeni ya Uholanzi na kujenga reli zake. Mwaka 1899 mwanasheria Conrad van Deventer aliandika makala akidai kwamba fedha hizo ni deni la heshima, na lazima zirudishwe.

Tarehe 17 Septemba 1901 Malkia Wilhelmina, mwenye miaka 21, alisoma hotuba ya kufungua Bunge. Akasema kwamba Uholanzi, kama dola ya Kikristo, ina wajibu wa kimaadili kwa watu wa makoloni, na kwamba utafanywa uchunguzi kuhusu kushuka kwa hali ya maisha Java. Hotuba ile husomwa na mfalme au malkia, lakini maneno ni ya serikali, na serikali ya Kuyper ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Huo ndio mwanzo wa kile ambacho wanahistoria wanakiita sera ya maadili: umwagiliaji, shule, na kuwahamishia watu wa Java visiwa vyenye ardhi zaidi. Mwaka 1903 ikapitishwa sheria ya kugatua madaraka, na mwaka 1905 Uholanzi ikatenga gulden (sarafu yake) milioni 40 kwa ajili ya ustawi wa Java na Madura.

Hapo juu kila kitu kinapendeza. Shida inaanza ukizifuata nyaraka, maana jina la Kuyper linafifia haraka. Kazi ya kila siku ilifanywa na waziri wa makoloni, Alexander Idenburg, aliyekuwa ofisa wa jeshi. Kuyper mwenyewe alishughulishwa na mgomo wa reli wa 1903, na kabla ya hapo na vita vya Makaburu. Januari 1902 alikwenda London, na serikali yake ikajitolea kusuluhisha. Waingereza wakakataa. Mtu huyu aliyewahurumia Makaburu kama taifa dogo linaloonewa na dola kubwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa serikali wakati jeshi lake likimalizia vita vya Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, vilivyoanza 1873.

Juni 1904 safari ya kijeshi iliyoongozwa na van Daalen iliingia kijiji cha Kuta Reh, bara ya Aceh. Taarifa za jeshi lenyewe zilihesabu maiti: wanaume 313, wanawake 189, watoto 59. Daktari wa jeshi alipiga picha. Katika picha mojawapo askari wamesimama juu ya boma, miguuni mwao miili imelaliana, na pembeni kuna mtoto mmoja mdogo ambaye bado ni hai. Bungeni kelele zilipigwa. Mwaka uleule J.B. van Heutsz, gavana wa Aceh, alipandishwa cheo akawa gavana mkuu wa Indonesia yote.

Kwa hiyo mchukue Kuyper kama swali lako ni la fikra: namna ukoloni ulivyojipatia lugha ya wajibu na ulezi, na namna lugha hiyo ilivyokaa vizuri kabisa na bunduki. Usimchukue kama unataka kuonyesha uamuzi wake mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hutauona. Na jihadhari na maandishi ya wafuasi wake wa kanisani, ambao bado wapo wengi hadi Marekani Kaskazini na Afrika Kusini. Wana mazoea ya kumvisha kilemba cha ukoka katika jambo hili.

Colijn

Huyu ni wa chama kilekile cha Kuyper, na ndiye aliyekirithi. Lakini hakuna kiongozi mwingine wa serikali ya Uholanzi katika karne ya 20 aliyeyajua makoloni kwa mikono yake kama yeye, na nasema mikono kwa makusudi.

Alizaliwa 1869 katika familia ya wakulima, akaingia jeshi, akapelekwa Indonesia mwaka 1893. Mwaka uliofuata alikuwa katika vita vya kisiwa cha Lombok. Kutoka huko alimwandikia mkewe barua akieleza jinsi wanawake tisa na watoto watatu walivyoomba kuhurumiwa, na jinsi alivyoamuru wauawe wote. Akaongeza kwamba ilikuwa kazi isiyopendeza, ila hakukuwa na njia nyingine. Barua hiyo ilijulikana kwa umma baada ya kutolewa katika wasifu wake uliochapishwa 1998, yaani miaka 54 baada ya kifo chake. Wakati wa uhai wake watu waliijua nishani ya ushujaa aliyovishwa kwa vita vile.

Kutoka Lombok alikwenda Aceh, akawa msaidizi wa van Heutsz. Akarudi Uholanzi, akaingia Bunge 1909, akawa waziri wa vita 1911. Kuanzia 1914 hadi 1922 alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya mafuta ya Bataafsche, tawi la Royal Dutch Shell lililochimba mafuta Indonesia, na alitoka huko akiwa tajiri. Askari, mbunge, mtu wa mafuta, kisha kiongozi wa chama. Ukimweka Kuyper kando yake, mtu ambaye aliijua Java kwa kusoma, utaona tofauti bila kuambiwa.

Mwezi Februari 1933 mabaharia wa manowari De Zeven Provinciën, wenyeji na Wazungu pamoja, waliiteka meli hiyo ikiwa pwani ya Aceh. Chanzo kilikuwa makato ya mishahara. Wakasafiri nayo kuelekea kusini kwa takriban siku sita, mpaka ndege ya kijeshi ilipoidondoshea bomu tarehe 10 Februari. Watu 23 walikufa. Colijn wakati huo hakuwa serikalini, lakini alisema waziwazi kwamba ikibidi meli izamishwe kwa torpedo. Uchaguzi ulikuwa Aprili. Hofu ile ilimfaa sana, na Mei akaunda serikali.

Hapa ndipo penye tofauti inayombeba juu ya wenzake wote: hakuridhika na uenyekiti, akaichukua na wizara ya makoloni, akaishika hadi 1937. Kwa miaka minne yule aliyeongoza baraza la mawaziri ndiye aliyempa gavana mkuu maagizo. Ukitaka kujua kiongozi wa serikali aliamua nini, huna haja ya kukisia, saini ni yake.

Na aliamua nini? Kwanza, fedha. Uingereza ilikuwa imeiachia sarafu yake ishuke tangu 1931, na Japani vilevile. Colijn aliing'ang'ania dhahabu, yaani thamani ya gulden ibaki imefungwa kwenye dhahabu. Gulden ya Indonesia ilifungwa kwenye gulden ya Uholanzi, kwa hiyo kahawa, mpira na sukari ya Java vikawa ghali sokoni kuliko vya majirani. Sukari ndiyo iliyoumia zaidi: kutoka karibu tani milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1930, uzalishaji wa Java ulianguka hadi karibu nusu milioni katikati ya muongo. Viwanda vilifungwa, wakulima waliokodisha mashamba yao kwa miwa wakakosa kodi, vibarua wakarudi vijijini mikono mitupu. Gulden ilikuja kuachiwa Septemba 1936, baada ya Ufaransa na Uswisi nazo kuamua kulegeza. Sababu za kung'ang'ania zilikuwa za Ulaya: benki, wenye akiba, imani yake kuhusu pesa iliyo imara. Gharama ikatua Java. Kama nina mwanafunzi anayesomea uchumi, namwambia aishie hapa, asitafute mada nyingine.

Pili, siasa. Sukarno, kiongozi wa wapigania uhuru, alikamatwa Agosti 1933, miezi michache baada ya Colijn kushika wizara, akapelekwa uhamishoni Ende, kisiwani Flores, bila kufikishwa mahakamani. Wenzake katika harakati hizo, Hatta na Sjahrir, walikamatwa Februari 1934, wakapelekwa kambi ya Boven-Digoel katika misitu ya Papua, kisha Banda Neira. Mtendaji alikuwa gavana mkuu de Jonge, mtu mkali, na ni haki kusema hakuhitaji kusukumwa. Lakini The Hague haikumzuia hata mara moja. Colijn alikuwa na hoja yake iliyokamilika: kwamba hakuna kitu kinachoitwa taifa la Indonesia, kuna visiwa na makabila, na kila kimoja kipewe utawala wake mdogo chini ya Uholanzi. Utawala huo, alisema, umekaa imara kama mlima Mont Blanc ulivyokaa juu ya Alps.

Jaribio la hoja hiyo lilikuja 1936. Soetardjo, mjumbe wa Volksraad, lile baraza lililoundwa 1918 ambalo sauti yake ilikuwa ya ushauri zaidi kuliko amri, aliwasilisha ombi la upole kabisa. Hakudai uhuru. Aliomba uitishwe mkutano wa kujadili namna Indonesia itakavyojitawala ndani ya ufalme, hatua kwa hatua, ndani ya miaka kumi hivi. Baraza likalipitisha, wakiwamo baadhi ya wajumbe Wazungu. The Hague ilikaa nalo miaka miwili, ikalikataa Novemba 1938. Wakati huo waziri wa makoloni alikuwa Charles Welter, lakini serikali ilikuwa ya Colijn.

Miaka mitatu na ushei baadaye, Machi 1942, jeshi la Uholanzi lilisalimu amri kwa Wajapani huko Kalijati baada ya wiki moja ya mapigano Java. Colijn hakuwa madarakani tena. Wajerumani walikuwa wamemweka kizuizini, na akafia Ilmenau, Ujerumani, Septemba 1944.

Udhaifu wa kumchagua Colijn ni huu: ushahidi ni mwingi mno upande mmoja, na mwandishi mchanga hushawishika kuandika mashtaka badala ya historia. Barua ya Lombok ina nguvu ya kumeza insha nzima. Iweke, lakini usiiache ifanye kazi ya uchambuzi wa dhahabu na sukari.

Drees

Drees ni kesi ya tofauti kabisa. Alikuwa msoshalisti, aliyewahi kushikwa mateka katika kambi ya Buchenwald, mtu wa maisha ya kawaida ambaye Waholanzi wanamkumbuka kwa pensheni ya wazee. Chama chake kilikuwa kikisema kinaunga mkono uhuru. Na bado, miezi minne tu baada ya kuwa waziri mkuu, tarehe 19 Desemba 1948, jeshi la Uholanzi liliivamia Yogyakarta, mji mkuu wa Jamhuri ya Indonesia iliyotangazwa na Sukarno na Hatta tarehe 17 Agosti 1945, likawakamata wote wawili.

Ilitokeaje? Jibu liko kwenye muungano wa vyama. Chama cha Wakatoliki, KVP, kilikuwa kikubwa kuliko cha Drees, na kilitaka msimamo mkali. Mtangulizi wake, Louis Beel wa KVP, ndiye aliyeanzisha operesheni ya kwanza ya kijeshi Julai 1947, ile waliyoiita hatua ya kipolisi. Mwishoni mwa 1948 Beel huyohuyo alipelekwa Jakarta, wakati ule Batavia, kama mwakilishi mkuu wa ufalme, na kutoka huko akawa anadai mapigano. Zaidi ya askari laki moja, wengi wao vijana walioandikishwa kwa lazima, walikuwa tayari visiwani. Drees angeweza kuvunja serikali yake, au kukubali. Alikubali.

Walichokiona ushindi kiligeuka ndani ya wiki chache. Marekani ilisitisha misaada ya Marshall, ile ya kujenga upya baada ya vita, iliyokuwa ikienda Indonesia. Baraza la Usalama, Januari 28, 1949, likataka viongozi waachiwe na madaraka yakabidhiwe. Huko vijijini vita vya msituni havikwisha. Waziri wa makoloni Sassen alijiuzulu Februari, na Drees, maji yakiwa yamemfika shingoni, akaanza kurudi nyuma: makubaliano ya Mei, Mkutano wa Meza ya Duara mjini The Hague kuanzia Agosti 23 hadi Novemba 2, na Desemba 27, 1949 kukabidhi madaraka katika kasri la Amsterdam mbele ya Malkia Juliana.

Masharti yake ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kuichambua na wanafunzi, kwa sababu inaonyesha sera ilivyoendelea baada ya bendera kushushwa. Indonesia ilibebeshwa deni la gulden bilioni 4.3. Wajumbe wake walilalamika kwamba sehemu ya deni hilo ni gharama za vita vilivyopiganwa dhidi yao wenyewe. Papua Magharibi ikabaki nje ya makabidhiano, ikaendelea kuchafua uhusiano hadi 1962. Na Waholanzi walikataa tarehe ya 17 Agosti 1945 kama siku ya uhuru. Ilibidi kusubiri Juni 2023, Mark Rutte akiwa waziri mkuu, ili itamkwe bungeni kwamba tarehe hiyo inakubaliwa kikamilifu.

Mchukue Drees kama swali lako ni namna kiongozi anavyobebwa na washirika wake hadi mahali ambapo hakutaka kwenda. Mchukue pia kama unataka diplomasia, Umoja wa Mataifa na Marekani ndani ya hadithi moja. Hafai kwa anayetaka kuonyesha mtu mwenye mpango wake.

Wanaotajwa na kuachwa

Thorbecke, aliyeongoza serikali miaka ya 1860, anastahili kama mada yako ni utumwa. Sheria iliyokomesha utumwa Suriname na visiwa vya Karibi kuanzia 1 Julai 1863 ilipitishwa chini yake: mwenye watumwa Suriname alilipwa gulden 300 kwa kila kichwa, aliyeachiwa huru hakulipwa kitu, na Suriname ikamfunga kwenye mikataba ya kazi chini ya usimamizi wa serikali miaka kumi zaidi. Fedha za fidia zilitokana na faida ya Java. Joop den Uyl, waziri mkuu wakati wa uhuru wa Suriname 1975, naye ni mwepesi kumwandika, lakini huko Henck Arron, kiongozi wa serikali ya Suriname mjini Paramaribo, ndiye aliyetoa tangazo la uhuru lililosukuma mambo, na utajikuta unaandika juu yake.

Uamuzi wangu

Kama una nafasi ya mtu mmoja tu, mchukue Colijn. Sababu si ukatili wake. Ni kwamba kwake unaweza kuifuata amri kutoka kwenye meza hadi shambani bila kuruka kiungo. Kama una nafasi ya wawili, usimweke Colijn na Drees, ingawa ndiyo jozi ya kawaida, kwa kuwa vita vya dunia viko katikati na vinabadilisha kila kitu, hutaweza kupima mtu na mtu. Waweke Kuyper na Colijn: chama kimoja, gazeti moja, Biblia moja, miaka 30 kati yao. Halafu uliza kwa nini wajibu wa kimaadili wa 1901 ulishindwa kulipokea ombi la Soetardjo la 1936.

Kuhusu vyanzo: magazeti ya Uholanzi na ya Batavia ya miaka hiyo yamewekwa bure mtandaoni katika hazina ya Delpher, na kumbukumbu za Bunge nazo zinapatikana. Lugha ni Kiholanzi, na tahajia ya kabla ya vita inasumbua programu za kutafsiri, kwa hiyo tafuta kwa majina ya watu na tarehe badala ya maneno ya kawaida. Anza na wiki ya 5 hadi 11 Februari 1933, andika jina la manowari, na ulinganishe magazeti ya Batavia na yale ya Amsterdam siku kwa siku.